Daftari la hadithi likijaa: njia tatu za kulifanya kitabu, na hesabu ya kila njia

Mwamkulu inajulikana kwa mpunga. Lakini katika kata hii ya Manispaa ya Mpanda wapo pia watu ambao jioni, kazi za shamba zikiisha, wanashika kalamu. Mmoja anaandika hadithi ya mapenzi, mwingine mashairi, mwingine historia ya ukoo wake, mwingine maelekezo ya kilimo aliyojifunza kwa jasho. Daftari la kwanza linajaa, linaanza la pili. Kisha linakuja swali: nikimaliza, nalipeleka wapi?

Swali hilo lina pesa ndani yake. Mtu anaweza kuuza magunia ya mpunga ili ailipe "kampuni ya vitabu", akaletewa maboksi ya vitabu visivyouzika, na baadaye akagundua kuwa karatasi aliyosaini inasema kazi ile si yake tena. Mwingine anakaa na hadithi nzuri sandukuni mpaka inaliwa na mchwa, kwa sababu aliambiwa vitabu ni vya watu wa Dar es Salaam.

Katika makala hii tunaeleza njia tatu za kufikisha kazi yako kwa msomaji, hesabu ya kila njia, mambo ya kuangalia kabla ya kusaini, na namna waandishi wetu walivyoishi huku wakiandika. Ihifadhi kwenye simu yako uisome kidogo kidogo.

Mchapishaji si mpiga chapa

Tuanze na maneno mawili ambayo watu wengi wanayachanganya, na wengine wanayachanganya makusudi ili wakule pesa.

Mpiga chapa ni mwenye mashine. Unampelekea kazi, anakutajia bei, unalipa, anakukabidhi nakala zako. Kitabu kikiuzika au kisipouzika, yeye ameshalipwa.

Mchapishaji ni anayeweka mtaji wake kwenye kazi yako. Anaisoma, anaikubali au anaikataa, anamlipa mhariri, anatengeneza jalada, anamlipa mpiga chapa, anasambaza vitabu, na wewe anakulipa sehemu ya mauzo. Sehemu hiyo inaitwa mrabaha. Kitabu kisipouzika, hasara ni yake.

Kwa hiyo anayejiita mchapishaji lakini anakutaka utoe pesa zote za kutengeneza kitabu, huyo kwa kweli anakuuzia huduma. Kuuza huduma si kosa. Kosa ni kukulipisha kama mpiga chapa, kisha kuchukua haki zako kama mchapishaji.

Kwa mkulima wa Mwamkulu jambo hili si geni. Unaweza kumuuzia mnunuzi mpunga wako naye akabeba gharama za usafiri na kukoboa. Unaweza kukoboa kwa pesa yako na kuuza mchele mwenyewe. Lakini hujawahi kumlipia mtu kukoboa, kisha ukamwachia na mchele.

Mzee wa Ukerewe aliyesubiri miaka 35

Kabla ya njia zenyewe, tumkumbuke mwandishi mmoja wa kijijini. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe. Mwaka 1945 alimaliza kuandika riwaya ndefu ya maisha ya Wakerewe: ndoa, kilimo, dawa, uvuvi, misiba, sherehe. Aliiandika kwa Kikerewe, lugha yake. Hakupata mchapishaji. Miaka ikapita. Mwishowe aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaitoa. Mwaka uliofuata, 1981, Kitereza alifariki.

Leo kitabu hicho, maarufu kwa majina ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kinahesabiwa kati ya kazi kubwa za fasihi ya Tanzania. Kimetafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kilitoka kwa Kiingereza kwa tafsiri ya Gabriel Ruhumbika.

Tunajifunza mambo mawili hapo. La kwanza, maisha ya kijijini ni mali ya kuandikwa. Hakuna mtu wa mjini angeweza kuandika yale ambayo Kitereza aliyajua. Vivyo hivyo Katavi ina mambo ambayo ni ya watu wake: msimu wa mpunga, wafugaji na wakulima wanavyoishi pamoja, reli ya kutoka Kaliua inayoishia Mpanda, makazi ya Katumba na Mishamo waliyofikia watu kutoka Burundi, simulizi za Wabende, Wakonongo na Wapimbwe.

La pili, kazi nzuri peke yake haitoshi. Lugha unayoandikia na njia unayoichagua ndizo zinazoamua kama kitabu kitatoka ungali hai. Andika kwa lugha ya nyumbani kama moyo unakutuma, lakini jua kuwa soko la Kiswahili ni kubwa zaidi, tena linavuka mipaka. Riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, ilisomwa na wanafunzi wa sekondari nchini Kenya.

Njia ya kwanza: kumpelekea mchapishaji

Tanzania ina wachapishaji wenye historia. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966. Walter Bgoya, aliyeiongoza kuanzia mwaka 1972, alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991. Wapo pia E & D Vision, Nyambari Nyangwine Publishers na wengine. Kila mmoja ana aina ya vitabu anavyovipendelea, kwa hiyo kabla ya kutuma, tazama vitabu alivyokwisha kutoa. Usimpelekee mashairi mtu anayetoa vitabu vya kemia.

Mchapishaji hasomi daftari. Anataka mswada uliochapwa kwa kompyuta. Kama huna kompyuta, unaweza kuandika kwa simu kidogo kidogo, au kwenda steshenari mjini Mpanda ukalipia kwa ukurasa. Ukichapiwa steshenari, hakikisha faili linatumwa kwenye barua pepe yako mwenyewe. Kubeba flashi peke yake ni hatari, ikipotea imeondoka na kazi ya miaka.

Pamoja na mswada, andika barua fupi: wewe ni nani, kitabu kinahusu nini, kimekusudiwa kwa nani, kina kurasa ngapi. Ongeza muhtasari wa ukurasa mmoja unaoeleza hadithi mpaka mwisho wake. Mchapishaji si msomaji wa kawaida, usimfiche mwisho.

Kisha subiri. Majibu huchukua miezi, na jibu laweza kuwa hapana. Soko kubwa la vitabu nchini ni shule, kwa hiyo mchapishaji anapokataa riwaya ya watu wazima, mara nyingi anakuwa amepiga hesabu ya mauzo na hajasema huna kipaji. Kama kitabu chako ni cha watoto au kinaweza kutumika shuleni, kiandike ukijua kuwa vitabu vya shule vinahitaji ithibati ya serikali. Taasisi ya Elimu Tanzania, yaani TET, ndiyo inayosimamia mitaala, na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, huthibitisha lugha ya vitabu.

Faida ya njia hii ni kwamba hutoi mtaji, unapata mhariri wa kweli, na kitabu kinafika mbali kuliko unavyoweza kukifikisha kwa bodaboda. Ubaya wake ni kusubiri, na kipato kidogo kwa kila nakala. Mrabaha wa asilimia 10 hivi ni wa kawaida.

Njia ya pili: kujichapishia mwenyewe

Hapa mchapishaji ni wewe. Unamlipa mhariri, msanifu wa kurasa na jalada, na mpiga chapa, na vitabu vyote vinakuja nyumbani kwako. Njia hii si aibu. Ben Mtobwa, mzaliwa wa jirani zetu Kigoma na mwandishi wa Dar es Salaam Usiku, alifika hatua ya kuanzisha kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha vitabu, Heko Publishers.

Lakini hesabu ije kwanza. Bei tunazoziweka hapa ni za mfano wa kujifunzia tu. Zako uliza kwa wapiga chapa wasiopungua watatu.

Tuseme una kitabu cha kurasa 120 na unataka nakala 300.

- Kupiga chapa, sh. 3,500 kwa nakala: sh. 1,050,000
- Mhariri: sh. 300,000
- Jalada na kupanga kurasa: sh. 150,000
- Usafiri wa mizigo mpaka Mpanda: sh. 100,000
- Jumla: sh. 1,600,000

Kila nakala imekugharimu kama sh. 5,333. Unaamua kuuza sh. 8,000. Ukiuza mwenyewe mkononi nakala zote 300, unapata sh. 2,400,000, faida sh. 800,000. Ukiziuza kupitia duka linalochukua asilimia 30, mkononi mwako inafika sh. 5,600 kwa nakala, jumla sh. 1,680,000. Faida ni sh. 80,000 tu kwa vitabu 300.

Tazama tena hesabu hiyo. Ukiuza mwenyewe, unahitaji kuuza nakala 200 ndipo pesa yako irudi. Ukitegemea duka, unahitaji kuuza nakala 286. Sasa kaa na daftari uandike majina ya watu ambao kweli watanunua. Usiandike watakaokusifu, waandike watakaotoa sh. 8,000. Yakiishia 60, basi usichape 300. Chapa 60, au 100, hata kama bei ya nakala moja itapanda. Hasara ya vitabu 240 vilivyolala chini ya kitanda ni kubwa kuliko punguzo la mpiga chapa.

Linganisha na njia ya kwanza. Kitabu hichohicho kikitolewa na mchapishaji kwa sh. 8,000 na mrabaha wa asilimia 10, unapata sh. 800 kwa nakala. Vikiuzwa 1,000, unapata sh. 800,000 kabla ya kodi, sawasawa na faida yako ya kuuza 300 mwenyewe, ila hukutoa mtaji na hukubeba maboksi. Tofauti ni kama vitabu 1,000 vitauzwa kweli, na vitachukua muda gani.

Ukichagua kujichapishia, mambo manne usiyaruke.

Mhariri. Usihariri mwenyewe ukaona imetosha. Jicho lililoandika halioni makosa yake. Kama pesa ni ndogo, mtafute mwalimu wa Kiswahili wa sekondari mkubaliane, lakini awe mtu anayethubutu kukwambia sura hii ifutwe.

Namba ya ISBN. Ni namba inayokitambulisha kitabu chako duniani kote. Hapa nchini inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Bila namba hiyo maduka makubwa na maktaba hupata tabu kukipokea. Sheria pia inataka nakala za kitabu kilichochapishwa nchini ziwekwe Maktaba ya Taifa.

Nakala ya kwanza ya kukagua. Kabla mashine haijachapa zote, dai nakala moja mkononi. Soma jina lako kwenye jalada, angalia kurasa zimefuatana, angalia wino. Kosa ukiliona baada ya nakala 300 kuchapwa, ni lako.

Daftari la mauzo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika nani kachukua, ngapi, kalipa au anadaiwa. Ndugu watakuomba bure. Ukigawa nakala 20 kwa mfano wetu, umegawa vitabu vilivyokugharimu zaidi ya sh. 100,000. Amua mapema utagawa ngapi, na ukifika hapo simama.

Njia ya tatu: kwa mfululizo, kwenye simu

Hadithi kutoka kipande kwa kipande si jambo jipya kwetu. Watanzania wengi walizisoma magazetini kila wiki. Eric Shigongo alijenga jina hivyo. Hadithi zake zilitoka kwa sehemu kwenye magazeti ya kampuni yake ya Global Publishers, kisha zikawa vitabu. Leo gazeti hilo limehamia kwenye simu: makundi ya WhatsApp, kurasa za Facebook, na simulizi za sauti.

Utaratibu wa kawaida ni kwamba mwandishi anatoa sehemu za kwanza bure, watu wanapata hamu, kisha anayetaka mwisho analipa kwa pesa za simu na kutumiwa faili zima. Kwa mfano, ukiuza faili sh. 2,000 na wakanunua watu 150, umepata sh. 300,000 bila kumlipa mpiga chapa hata shilingi. Gharama yako ni bando na muda.

Hatari ni mbili. Ya kwanza, mnunuzi mmoja anaweza kulisambaza faili kwenye kundi la watu 200. Huwezi kuzuia kabisa, lakini unaweza kuweka jina lako na namba yako ya malipo kwenye kila ukurasa, ili hata anayelipata bure ajue mwenyewe ni nani. Ya pili, ukishaitoa hadithi yote bure, mchapishaji anaweza kuikataa kwa kuwa wasomaji wameshaimaliza. Kwa hiyo amua mapema: hadithi hii ni ya simu, ile ni ya kitabu.

Kwa mtu wa kijijini asiye na mtaji, njia hii ina faida kubwa kuliko pesa. Inakuonyesha wasomaji wako. Sehemu ya saba wakiuliza "vipi, ya nane lini?", unajua umewashika. Wakinyamaza, umejifunza bila kupoteza gunia hata moja. Wengi wanaanza hapa, wanajenga wasomaji, kisha wanaenda njia ya kwanza au ya pili wakiwa na ushahidi mkononi.

Tuzo: mlango wa wasiojulikana

Kuna mlango mwingine ambao hauulizi unamfahamu nani. Serikali, kupitia Wizara ya Elimu na TET, ilianzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Zilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, kwa riwaya na ushairi.

Ipo pia tuzo ya kimataifa ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Safal ni kundi la kampuni za mabati, na ALAF ya hapa nchini ni mojawapo. Mwaka 2015 Anna Samwel Manyanza alishinda upande wa hadithi kwa mswada wa Penzi la Damu, na Mohammed Ghassani upande wa ushairi kwa N'na Kwetu. Mwaka 2017 alishinda Dotto Rangimoto kwa diwani ya Mwanangu Rudi Nyumbani. Tuzo hii imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa, na kazi zilizoshinda zimekuwa zikipelekwa kwa wachapishaji.

Soma masharti neno kwa neno: idadi ya maneno, aina ya faili, tarehe ya mwisho. Kazi nyingi huondolewa kwa kukosea masharti kabla hazijasomwa. Na ukiona "tuzo" inayokuomba utume pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, achana nayo.

Kabla ya kusaini

Mkataba mbaya ni kama lumbesa. Unadhani umeuza gunia moja, kumbe umeuza na nusu ya la pili. Hata kama una haraka, mwombe mchapishaji siku chache, uuchukue mkataba, uusome na mtu unayemwamini. Angalia haya:

1. Haki gani unatoa? Kuruhusu mtu achapishe kitabu si sawa na kumuuzia hakimiliki. Ukiona maneno kama "mwandishi anahamisha haki zote milele", simama hapo.

2. Kwa muda gani? Mkataba mzuri una mwisho, au unasema haki zitarudi kwako kitabu kikiisha sokoni na mchapishaji asipokichapa tena.

3. Mrabaha unapigwa kwenye bei gani? Asilimia 10 ya bei ya dukani ya sh. 8,000 ni sh. 800. Asilimia 10 ya kinachomfikia mchapishaji baada ya duka kukata asilimia 30, yaani sh. 5,600, ni sh. 560. Kwa nakala 1,000 tofauti ni sh. 240,000. Neno moja kwenye karatasi, sh. 240,000.

4. Taarifa ya mauzo inakuja lini? Iandikwe: mara moja au mbili kwa mwaka, ikionyesha nakala zilizochapwa, zilizouzwa na zilizobaki. Tarajia pia kodi ya zuio kukatwa kwenye mrabaha.

5. Filamu, redio na tafsiri ni za nani? Usidhani ni mambo ya mbali. Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1999, na mwaka 2021 ikawa filamu iliyoongozwa na Amil Shivji. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kitabu kinaweza kuzaa tena baada ya miaka 20 na zaidi. Kama uliuza kila kitu siku ya kwanza, hautakuwepo kwenye mavuno hayo.

Kuhusu hakimiliki yenyewe, sheria yetu ni ya mwaka 1999. Inasema kazi ni yako tangu ulipoiandika, hata kabla hujaisajili popote. Ulinzi huo unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, maana yake watoto wako wana chao. Hata hivyo, kusajili kwenye Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Jua pia kuwa sheria inalinda maandishi yako, hailindi wazo tupu. Ngano ya sungura na fisi ni ya jamii nzima. Kinachokuwa chako ni namna ulivyoisimulia.

Waandishi waliishije?

Wengi wanauliza: kitabu kitanilisha? Tuseme ukweli. Shaaban Robert, anayeheshimiwa kuliko waandishi wote wa Kiswahili wa karne iliyopita, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa kijiji cha Namagondo kulekule Ukerewe, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, na maisha yake yote alikuwa mwalimu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Botswana. Elvis Musiba, aliyeandika Kufa na Kupona, alikuwa mfanyabiashara aliyeongoza chemba ya wafanyabiashara, TCCIA. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987, akapata Nobel mwaka 2021, miaka 34 baadaye. Katikati hapo alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu Uingereza.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeacha kazi baada ya kitabu kimoja. Kwa hiyo usiuze shamba ili uwe mwandishi. Shamba ndilo litakalokulisha uandike. Mwandishi anayekula kwa kitabu peke yake analazimika kuuza haraka na kusaini chochote. Mwenye mpunga ghalani anaweza kusema hapana.

Kinachojenga jina ni kitabu cha pili na cha tatu. Msomaji aliyekipenda cha kwanza atatafuta kingine, na akikipata ananunua na cha kwanza kumpa rafiki. Kazi ndogo nazo zinajenga: kuandika shairi la harusi au la uzinduzi kwa malipo, kuandika mchezo wa redio, kusoma hadithi shuleni siku ya mahafali na kuuza nakala hapohapo, kuandikia watu historia za koo zao.

Uanzie wapi msimu huu

Kama una daftari moja lililojaa na huna mtaji, mpangilio huu unafaa.

Mvua zikinyesha na kazi ya shamba ikiwa nyingi, andika kidogo tu, hata ukurasa mmoja kwa siku. Kwa siku 120 una kurasa 120, nacho ni kitabu.

Baada ya mavuno, chapisha maandishi kwa kompyuta, tuma nakala kwenye barua pepe yako, na umpe mtu mmoja mkweli asome.

Kiangazi, chagua hadithi fupi moja uijaribu kwenye simu kwa mfululizo. Hesabu wanaorudi kusoma. Wakati huohuo tuma mswada mkubwa kwa mchapishaji anayefaa, au kwenye tuzo iliyo wazi.

Wakati unasubiri majibu, anza kitabu cha pili. Ukikataliwa, soma sababu kama ipo, rekebisha, tuma kwingine. Ukifika miezi 12 bila mchapishaji, lakini una orodha ya wasomaji 100 wanaolipa, basi kujichapishia nakala 100 si kamari tena. Ni biashara ndogo inayoeleweka.

Na popote utakapokuwa kwenye safari hiyo, kabla ya kutoa pesa au kusaini karatasi, jiulize maswali matatu: nani anatoa mtaji, nani anabaki na haki, na mimi nitajuaje vimeuzwa vingapi? Anayetaka kufanya nawe kazi ya halali atakujibu yote matatu bila kukasirika.